Mvua ya Mei si dharura

Fungua daftari la hatari la mradi wa ujenzi hapa Mombasa, na kwenye mstari wa kwanza au wa pili utakuta neno "mvua". Mbele yake pameandikwa uwezekano wa kati, athari kubwa, na kwenye safu ya mwisho "kufuatilia". Mstari huo haumsaidii mtu. Mei ndio mwezi wenye mvua nyingi kuliko yote katika pwani hii, na jambo linalorudi kila mwaka mwezi uleule halina uwezekano wa kati. Anayeanza kuchimba msingi Kisauni mwishoni mwa Machi hajapatwa na hatari yoyote. Amejiwekea miadi na maji.

Sehemu kubwa ya yale tunayoyaita hatari kwenye miradi ya hapa ina tarehe, au ina foleni ambayo urefu wake unajulikana. Kazi ya kwanza ni kuyatoa hayo kwenye daftari la hatari na kuyatia kwenye kalenda ya kazi. Yatakayobaki ndiyo hatari zenyewe, nazo huwa chache kiasi cha kushughulikiwa moja moja. Mifano yangu ni ya mjengo, kwa sababu ndio mradi ambao wengi wetu tutausimamia siku moja: vyumba vya kupangisha, madrasa, zahanati, au ghorofa juu ya nyumba ya wazee. Anayesimamia mradi wa maji atabadilisha majina tu.

Hatari ni sentensi

"Bandari", "wafanyakazi", "bei": hizo ni mada za mazungumzo. Hatari huandikwa kwa sentensi yenye chanzo, tukio na hasara. Kwa mfano: "Kwa kuwa mwamba wa matumbawe una mapango, tunaweza kukuta uwazi chini ya nguzo ya kona, ikabidi mchoro wa msingi ubadilishwe na kazi isimame wiki tatu." Chanzo unaweza kukichunguza kabla. Tukio unaweza kulivizia. Hasara unaweza kuitia bei. Neno "mapango" peke yake halikupi hata kimoja.

Baada ya sentensi, andika jina la mtu mmoja atakayeibeba hatari hiyo. "Timu" si jina, na "mkandarasi" si jina. Kisha dalili yake, yaani kile kitakachoonekana kabla mambo hayajaharibika. Dalili iwe ya kuhesabika. "Mkandarasi anaelekea kuishiwa" ni hisia, na kila mtu ana hisia zake. "Vibarua hawajalipwa Jumamosi mbili mfululizo" ni dalili, na hata mlinzi wa geti anaijua. Nyingine nzuri ni idadi ya mifuko ya saruji stoo ikilinganishwa na kazi ya wiki ijayo: mkandarasi anayeanza kununua mifuko 10 kwa siku badala ya 200 kwa mkupuo anakwambia hali ya mfuko wake bila kufungua mdomo.

Mistari 12 hadi 15 inatosha mradi wa kawaida. Daftari la mistari 60 huandikwa ili mfadhili aridhike, na halifunguliwi tena.

Kalenda kabla ya daftari

Chukua karatasi ya miezi 12 na uanze na pepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ni kipindi cha joto na ukavu, na Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi ya mwaka. Hapo ndipo pa kuchimba, kujenga msingi na kujaza kifusi. Masika huanza kuelekea mwisho wa Machi, hupamba moto Aprili na Mei, na hupungua Juni. Kufikia wiki ya mwisho ya Machi slabu ya chini iwe imemwagwa na kifusi kimeshindiliwa. Kama haiwezekani, ahirisha uchimbaji mpaka Julai au Agosti, hata kama mwenye mali analalamika. Shimo lililojaa maji wiki mbili kuta zake hubomoka, udongo wa chini hulainika, na utalazimika kuchimba sentimita 20 au 30 zaidi kutafuta mahali pagumu, kisha ulipie zege la kujazia.

Kusi huvuma tangu Mei mpaka Septemba hivi. Baada ya Juni hali huwa ya baridi kidogo na upepo, nzuri kwa kuta na plasta, mbaya kwa kuezeka. Bati la mita 3 mikononi mwa mafundi wawili juu ya kenchi, katika upepo wa saa nane mchana, ni tanga. Ezeka asubuhi, na usiache bati lililopigwa misumari upande mmoja lilale hivyo. Vuli hufika Oktoba na Novemba. Kwa kawaida ni nyepesi kuliko masika, lakini miaka ya El Niño mambo hugeuka: vuli ya 1997 na ya 2023 zilileta mafuriko pwani. Hii sasa ni hatari ya kweli, kwa kuwa haiji kila mwaka. Dalili yake ni utabiri wa msimu unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa kabla vuli haijaanza. Mpe mtu kazi ya kuusoma.

Halafu kuna kalenda ya watu. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na kwa miaka hii inaangukia ndani ya ule ukavu wa kaskazi tunaoutegemea. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na miaka inayofuata itasogea Januari. Ratiba inayohesabu Februari kama mwezi wa saa nane za kazi kwa siku itachelewa, na baadaye lawama zitawaangukia waliofunga. Hesabu saa tano zenye nguvu badala ya nane. Anza saa kumi na mbili asubuhi, funga saa saba mchana. Maliza uchimbaji wa mikono kabla ya mwezi kuandama, na mishahara ya mwisho itoke siku tatu kabla ya Idi, la sivyo nusu ya vibarua watakwenda kutafuta kazi ya siku moja penye pesa mkononi. Mwaka mzima, usipange kumwaga zege litakalokatwa katikati na swala ya Ijumaa; zege likisimama saa moja na nusu kwenye joto la hapa, kiungo hakishiki vizuri na maji yatapita hapo.

Mafundi wa bara huondoka katikati ya Desemba na kurudi wiki ya pili ya Januari. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30, kwa hiyo mradi unaolipwa na kaunti au wizara uwe na hati zake mezani mapema Mei, na uwe na pesa za kujikimu Julai na Agosti. Uchaguzi mkuu ni Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Ujao ni Agosti 10, 2027. Usiwe na kontena njiani wala slabu ya kumwaga wiki hiyo na mbili zinazofuata.

Ukimaliza, tia kwenye karatasi kazi zisizopenda maji: kuchimba, kushindilia kifusi, plasta ya nje, rangi ya nje, paa lililo wazi. Zinazogongana na masika zihamishe. Kalamu ya risasi inatosha.

Zisizo na tarehe: kilicho chini ya miguu

Anza na hati. Mombasa ina jambo ambalo wageni hulielewa wakiwa wameshachelewa: nyumba bila ardhi. Mtu anaweza kumiliki nyumba kihalali na kuiuza, huku ardhi ni ya mwingine anayelipwa kodi ya kiwanja. Ukinunua nyumba hiyo kwa nia ya kuivunja upandishe ghorofa, ulichonunua ni kuta. Kuna pia ardhi ya wakfu, ambayo haiuzwi. Kabla ya kumlipa mchoraji hata shilingi, fanya upekuzi rasmi wa hati, mlete mpima ardhi athibitishe vigingi uwanjani, na kama aliyesajiliwa amefariki, ona hati ya mahakama ya kusimamia mirathi. Ndugu watatu waliokubaliana sebuleni hawatoshi. Wa nne yuko Jeddah, na atapiga simu ukifika linta, juu ya milango na madirisha.

Chini ya hati kuna mwamba. Kisiwani, Nyali na Bamburi tumekaa juu ya matumbawe. Ni magumu kwa nyundo, lakini yana mapango, na juu ya mapango watu walichimba visima na vyoo vya shimo ambavyo vilifukiwa na kusahauliwa. Changamwe na Miritini ni habari nyingine: kuna udongo wa mfinyanzi na miamba laini inayovimba ikilowa na kusinyaa ikikauka. Msingi uliofaa Nyali hautanakiliwa Miritini kwa sababu tu michoro ipo tayari.

Kwenye kiwanja kidogo chimba mashimo matatu ya majaribio, kina cha mita 2, pembeni na katikati. Kwenye matumbawe hilo halitoshi, maana pango linaweza kuwa nusu mita kando ya shimo lako. Kodi kompresa na drili kwa siku moja au mbili, toboa mahali pa kila nguzo mpaka mita 3 chini ya usawa wa msingi. Mwendeshaji atahisi: drili inayosaga polepole ikiporomoka ghafla, hapo pana uwazi. Pima kina na uandike kwenye mchoro. Pia waulize majirani wazee choo cha zamani kilikuwa wapi. Hakuna ramani itakayokuonyesha hilo.

Chumvi, ambayo haitoi dalili

Hatari mbaya kuliko zote katika ujenzi wa pwani ni ile ambayo wakati wa mradi haionekani kabisa. Maji ya visima vingi vya kisiwani yana chumvi. Mfereji (bomba la maji) ukikauka, kibarua atachota kisimani, zege litaganda vizuri tu, na kila mtu atapokea pesa zake. Miaka kadhaa baadaye nondo zinaota kutu, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, na zege linapasuka kufuata mistari ya nondo chini ya slabu. Kufikia hapo mkandarasi keshabadilisha namba ya simu.

Kiwango cha Ulaya, EN 1008, kinaruhusu kloridi isizidi miligramu 1,000 kwa lita katika maji ya kuchanganyia zege lenye nondo. Maji ya bahari yana takriban 19,000. Peleka chupa ya lita moja maabara, na matokeo yabandikwe stoo. Kuonja kwa ulimi hakusaidii. Tuliozoea maji ya kisima tunayaona matamu. Mchanga wa ufuoni ni tatizo hilohilo kwa jina jingine. Kumbuka pia kwamba maji ya kumwagilia zege changa ndiyo yanayoingia vinyweleo vyake, kwa hiyo usitumie ya chumvi kwa hoja kwamba "haya ni ya nje tu".

Sasa tia hesabu. Slabu ya mita za mraba 100, unene milimita 150, ni mita za ujazo 15. Kwa mchanganyiko wa 1 kwa 1½ kwa 3 (saruji, mchanga, kokoto) unahitaji mifuko 8 ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, jumla 120. Kila mfuko usizidi lita 25 za maji, ukihesabu na yaliyomo kwenye mchanga mbichi: lita 3,000. Kumwagilia milimita 5 mara mbili kwa siku, siku 7, ni lita 7,000 nyingine. Jumla lita 10,000, yaani boza moja (lori la maji). Hatari yote ya mfereji kukauka siku ya slabu inafunikwa na boza moja la maji yasiyo na chumvi na matangi mawili ya lita 5,000, yakiwa yamejaa jioni ya kuamkia kazi. Kanuni ni nyepesi: matangi hayajajaa, mchanganyiko haupigwi.

Ukaribu na bahari unataka nondo zikae ndani ya zege milimita 40 hadi 50, na hilo linategemea biskuti, vile vipande vidogo vya zege vinavyoinua nondo kutoka kwenye fomu (mbao za kumwagia zege). Mafundi wakiishiwa hutumia kokoto, nayo huteleza mtu akikanyaga. Tengeneza biskuti wiki moja kabla, angalau 4 kwa kila mita ya mraba, na uzihesabu kabla fomu haijafungwa. Nondo nazo zipimwe uzito. Ya milimita 12, urefu wa mita 12, ni karibu kilo 10.7; kumi ni kilo 107. Kumi zikikosa kufika kilo 100, lori lirudi na mzigo wake kabla ya risiti kusainiwa. Hesabu ya kukumbuka: kipenyo kwa milimita zidisha chenyewe, gawa kwa 162, upate kilo kwa mita.

Ukitaka dalili ya zege lenyewe, chukua miche mraba sita ya zege, vipande vya majaribio vya milimita 150 kila upande, kwa kila mmwago. Mitatu ivunjwe siku ya 7, mitatu siku ya 28. Ya siku ya 7 ikikosa kufika theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa, nguzo za kushikilia fomu zisiguswe na juu pasijengwe. Hapo umeipata habari kabla ya malipo.

Foleni

Kontena la vigae, lifti au paneli za jua lina saa mbili zinazoenda kwa pamoja, na wengi hujua moja. Ya kwanza ni ya bandari: siku chache za bure, kisha ada ya kuhifadhi. Ya pili ni ya kampuni ya meli, inayokutoza kwa dola kwa kukaa na sanduku lake mpaka ulirudishe tupu. Unaweza kuwa umeshatoa mzigo, uko Kongowea unaupakua taratibu, na saa ya pili bado inakula.

Kinachokwamisha mara nyingi ni karatasi. Jina la mpokeaji limeandikwa tofauti kwenye hati ya meli na ankara. Msimbo wa bidhaa aliouchagua muuzaji si ule wa forodha. Cheti cha ubora, kinachotakiwa kupatikana kabla mzigo haujapakiwa, hakikuombwa kabisa kwa sababu muuzaji alisema "nitashughulikia". Kwa hiyo muombe muuzaji nakala za awali kabla meli haijang'oa nanga, mpe wakala wako wa forodha azisome neno kwa neno, na malipo ya mwisho yatoke baada ya cheti kuonekana, si baada ya picha ya kontena. Mzigo kutoka Ulaya uongezee wiki: tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi zimeikwepa Bahari ya Shamu na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema.

Kuhusu muda, uliza namba tatu: siku zikienda vizuri, siku za kawaida, siku zikienda vibaya. Tuseme kutoa kontena ni 6, 12 na 36. Jumlisha ya kwanza, ya kawaida mara nne, na ya mwisho, ugawe kwa sita: 6 na 48 na 36 ni 90, gawa kwa 6, siku 15. Anayeandika 12 kwenye ratiba amechagua kusahau ile 36.

Foleni ya Likoni inajulikana na kila mtoto wa hapa, ila bado kuna wanaoagiza zege tayari la lori livuke kwa feri. Kwa joto letu zege linataka kumwagwa ndani ya dakika 90 hivi tangu maji yaguse saruji. Kwa kazi za ng'ambo ya kusini zungusha lori kwa barabara ya Dongo Kundu, au changanya papo hapo.

Pesa ya akiba inahesabiwa

Asilimia 10 ya kubandika chini ya BQ (orodha ya kazi, vifaa na bei) haina mwenyewe, ndiyo maana huliwa. Chukua mfano wa kubuni: jengo la ghorofa mbili Kisauni, bajeti Sh 18,000,000. Pango chini ya nguzo, uwezekano 3 kati ya 10, hasara Sh 900,000: weka Sh 270,000. Idhini kuchelewa mpaka msingi ukutwe na masika, 6 kati ya 10, Sh 350,000: weka 210,000. Nondo kupanda bei, 5 kati ya 10, Sh 240,000: weka 120,000. Kontena kukwama, 4 kati ya 10, Sh 280,000: weka 112,000. Fundi mkuu wa fomu kuhamia mjengo mwingine, 3 kati ya 10, Sh 200,000: weka 60,000. Maji kukatika siku ya slabu, 7 kati ya 10, Sh 45,000: weka 31,500. Jumla Sh 803,500, karibu asilimia 4.5.

Wengi hufikia hapo na kufunga kikokotoo. Lakini pango likitokea linataka 900,000, nawe una 803,500. Akiba isiwe chini ya pigo kubwa moja lililomo kwenye orodha. Au punguza pigo. Drili na kompresa tuseme zinagharimu Sh 45,000. Kutoboa hakuondoi pango. Uwezekano unabaki 3 kati ya 10. Kinachoshuka ni bei ya kulikuta: ukilijua kabla ya kuchimba, injinia anasogeza nguzo au anaandaa zege la kuziba, tuseme Sh 350,000. Tatu ya kumi yake ni 105,000, ongeza 45,000 za drili, 150,000. Ulikuwa umeweka 270,000. Akiba yote sasa inashuka mpaka 638,500 na inatosha kulipa pigo lolote moja. Kwa matumizi mazuri ya Sh 45,000 kwenye mradi huo mzima, sioni la kulishinda hilo.

Zile "3 kati ya 10" zinatoka wapi? Waulize watu watatu wanaoujua mtaa, kila mmoja kivyake, waandike kabla hawajasikizana. Wakitofautiana sana, tofauti hiyo ndiyo habari: mmoja ameona kitu wenzake hawajaona. Wakikaa pamoja watamfuata mwenye umri mkubwa zaidi, kwa adabu tu.

Akiba ikae kwenye mstari wake, itoke kwa saini ya mwenye mali, na kila kutoka kutaje namba ya hatari. Baraza alilolitamani mama mwenye nyumba baada ya kuona la jirani si hatari, ni badiliko la kazi, na lina pesa yake. Msingi ukishapita salama, fungu la pango lirudishwe kwa mwenye mali siku hiyo. Likibaki mezani litageuka vigae vya bei.

Jumatatu, dakika ishirini

Daftari husomwa Jumatatu asubuhi, watu wakiwa wamesimama, na mtunza stoo awepo. Yeye ndiye ajuaye kinachoisha. Ulizeni ni dalili ipi imeonekana, ni hatua ipi ilikuwa ifanyike wiki iliyopita na haikufanyika, ni hatari ipi imepita ifutwe. Namba zikikaa vilevile miezi mitatu, hakuna aliyezitazama.

Kinachoua mkutano huu ni aibu. Wa kwanza kusema jambo baya ndiye anayefokewa, kwa hiyo foremani anasema mambo shwari mpaka yamwagike. Wekeni wazi kwamba aliyetaja dalili mapema hatozwi chochote kwayo, na aliyeificha ndiye mwenye kesi. Jambo jingine: mtu akiulizwa mchanga utafika lini akajibu "kesho inshallah", muulize lori gani, dereva nani, na saa hii yuko wapi. Inshallah ni neno la imani. Ratiba inataka namba ya gari.

Bima na mkataba vinabeba kilichobaki, navyo hupewa sifa visizostahili. Bima ya kazi za ujenzi hulipa dhoruba, moto na madhara kwa jirani. Hailipi ucheleweshaji, bei kupanda, wala kurekebisha kazi mbovu yenyewe. Ya wafanyakazi ni lazima chini ya sheria ya mafao ya majeruhi kazini ya 2007, WIBA. Thibitisha daraja la mkandarasi kwa NCA (Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi) na leseni yake ya mwaka huu, kwa maana wa daraja la 8 ana kikomo cha thamani ya kazi. Malipo yafuate hatua zilizokamilika, na asilimia 10 ishikiliwe: nusu itoke jengo likikabidhiwa, nusu baada ya kipindi cha kasoro.

Kipindi hicho kwa desturi ni miezi sita, na hapo kalenda inarudi. Ukikabidhiwa jengo Julai, miezi sita inaisha Januari na paa halijaona Mei hata moja. Andika kwenye mkataba kwamba kipindi cha kasoro kitaisha Juni 30 inayofuata. Mkandarasi akikataa, na paa ni la slabu, ziba mifereji yake, jaza maji kina cha milimita 25 na yaache saa 48. Muulize injinia kwanza, kwa kuwa hizo ni kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Siku ya pili ingia vyumba vya juu na tochi, anza na pembe na mahali mabomba yanapopenya slabu, na uchore duara la chaki kila palipolowa kabla hujatia saini.